Mkia wa Brolga

Port Augusta
4 Aprili 1991

Mpendwa mdogo wangu Bev,

Tumefika salama, usiwe na wasiwasi. Karavani imetulia, gari limetulia, mwenye gari ndiye hajatulia. Tangu tutoke kwenu, mjini Elizabeth, Kel hajasema neno isipokuwa "hm", na mimi najua ni kwa sababu ya mumeo.

Bev, mwambie Lindsay mdomo wake auwekee breki. Watu wamekuja kutuaga, majirani wamesimama uani na vikombe vya chai mkononi, watoto wa mtaa mzima wamejaa, ndipo yeye anapaza sauti: "Kel, hilo gari lako mbona linachuchumaa kama mbwa anayekunya?" Watu walicheka mpaka mama wa nyumba ya pili akamwaga chai. Nami nilicheka, sikatai. Lakini yalikuwa maneno ya kwanza ambayo Lindsay amemwambia mume wangu tangu Krismasi, na ndiyo hayo aliyochagua!

Ni kweli mkia wa gari umeshuka kidogo. Karavani ni kubwa kuliko ile ya zamani na Kel amejaza vitu kana kwamba tunahamia mwezini: jenereta, sanduku la vifaa, madumu ya maji. Lakini unamjua. Gari hili la Brolga alilifuata kiwandani kwao kwa miguu, kutoka lilipokuwa bati tupu mpaka lilipowashwa, milango yote minne akaifunga kwa mikono yake. Ukilicheka umemcheka yeye. Na akichekwa na mtu aliyefanya kazi naye kiwanda kimoja, kisha akachukua kiinua mgongo chake akaenda kununua gari la Ujapani, basi usiku anageukia ukutani.

Jana tulipojaza mafuta alizunguka nyuma ya gari kama mara nne, anainama, anatazama mkia, ananyanyuka. Nikamwuliza, "Umepoteza kitu?" Akasema hm.

Mwanangu Joanne anasema tumbo limeshuka, mtoto hatachelewa. Nataka niwe kwake Norseman kabla uchungu haujamshika. Mjukuu wa kwanza, Bev! Nimefuma soksi sita na zote zina ukubwa tofauti.

Asante kwa asali na viazi, nimevipanga kwenye kabati la mbele.

Dada yako,
Noreen


Elizabeth
6 Aprili 1991

Dada Noreen,

Hii naituma posta ya Ceduna, natumaini mtaikuta.

Kuhusu Lindsay: nimemsema. Amesema ulikuwa utani. Nikamwambia, "Utani na Kel ulikufa siku ulipoingia kwenye uwanja wa kiwanda na lile gari la kigeni, ukaambiwa ukaliegeshe nje ya uzio pamoja na takataka." Unajua bado linamwuma? Wanaume aliokula nao chakula cha mchana miaka yote walimpa kisogo, na Kel alikuwa mbele yao. Sisemi nani ana haki. Nasema wote wawili wana vichwa vya saruji, na mimi na wewe ndio tunaobeba.

Lakini, dada, utani kando. Lindsay anasema karavani ile ni nzito mno kwa Brolga. Anasema gari lenu ni zuri sana la kwenda mjini na kurudi, na hata la kwenda mbali likiwa tupu, ila kuvuta mzigo ule kuvuka jangwa la Nullarbor ni kulitesa. Alitaka kuwaazima la kwetu, unajua? Funguo zilikuwa mfukoni mwake asubuhi ile mlipoondoka. Alishindwa kusema, akasema ule upuuzi wa mbwa badala yake.

Usimwambie Kel. Atageuka arudi aje kumpiga.

Mwambie aende polepole tu.

Bev


Ceduna
10 Aprili 1991

Bev mpenzi,

Barua yako nimeikuta, na nimeichana vipande vidogo ili mzee asiione. Funguo mfukoni! Hawa watu watatuua.

Hapa tumepumzika siku kadhaa. Kel amevua samaki, nami nimekaanga, na uso wake umerudi kuwa uso. Jioni wenye karavani wanakusanya viti vyao na mjadala ni ule ule kila siku: gari la nyumbani au la kutoka nje? Kuna bwana mmoja wa Ballarat mwenye dizeli kubwa ya Ujapani, tumbo mbele, bia mkononi, anasema, "Mimi nachomeka karavani, nasahau kama ipo." Kel akamjibu, "Likikuharibikia katikati ya jangwa utamwandikia barua mfalme wao akutumie spea?" Watu wakaangua kicheko. Akaendelea: Brolga likikuharibikia popote, mkulima yeyote ana jingine bovu nyuma ya banda lake, unachomoa unachotaka, mnakunywa chai, unaondoka. Nilijisikia fahari naye, Bev. Alikuwa Kel wa zamani.

Basi yule wa Ballarat akaliangalia Brolga letu akasema, "Sawa baba, lakini mbona limekaa matako chini?"

Kel alikunja kiti chake akaenda kulala. Ila kesho yake asubuhi aliamka kabla yangu, nikasikia vishindo. Kutoka nje nakuta amehamisha kila kitu kizito. Jenereta, sanduku la vifaa, madumu yote ya maji, ametoa mbele ya karavani amepeleka nyuma kabisa, chini ya kitanda na kwenye lile sanduku la mkiani. Na kweli, karavani ikainua pua, na mkia wa gari ukapanda! Sasa Brolga limekaa wima kama siku lilipotoka kiwandani. Kel alinishika mkono akanizungusha nilione kila upande. "Nani anachuchumaa sasa?" akasema. Amepiga picha. Anataka niwatumie, filamu ikisafishwa.

Kwa hiyo mwambie Lindsay matatizo yamekwisha, na hakuna aliyehitaji gari la mtu.

Kesho tunaanza Nullarbor yenyewe. Tutalala njiani mara tatu au nne, kisha tutapumzika pale kwenye kituo cha mafuta cha Bundalla, juu ya mteremko, halafu moja kwa moja kwa Joanne.

Noreen


Elizabeth
13 Aprili 1991

Noreen,

Barua hii naituma kwa Joanne kwa sababu sijui pengine pa kuituma. Natumaini utaisoma ukiwa umekaa jikoni kwake, unicheke kwa woga wangu.

Leo mchana nimesoma barua yako mezani. Nilimsomea Lindsay ile sehemu ya mkia kupanda, nikidhani atacheka. Aliacha kutafuna. Akasema, "Rudia hapo." Nikarudia. Akasukuma sahani.

Dada, sikiliza. Mzigo ukiwa mbele, karavani inalalia gari, na ndiyo maana mkia wa gari unashuka. Inaonekana vibaya lakini ndiyo salama. Ukipeleka uzito nyuma, gari linapendeza, lakini karavani haina tena kinachoishika. Inaanza kucheza mkia. Upepo ukiipiga, au lori kubwa likiwapita, inayumba, na kila ikiyumba inayumba zaidi, na mwishowe si gari linalovuta karavani, ni karavani inayolitupa gari. Na kwenye mteremko ndiyo kabisa, kwa sababu uzito wote unasukuma kutoka nyuma. Lindsay iliwahi kumtokea wakivuta mashua kwa gari, yeye na kaka yake. Hajawahi kuniambia mpaka leo. Alinionyesha kwa uma na kijiko mezani.

Amesema, "Nilimcheka, Bev. Nimemfanya ahamishe." Anarudia hilo tu.

Nimepiga simu Bundalla. Mwanamke wa kaunta anaitwa Thelma, ana sauti ya sigara lakini ana utu. Nimempa ujumbe, nikamwomba ausome upya nisikie: "Kel, rudisha mzigo mbele kabla hujashuka mteremko. Usishuke kabla hujahamisha. Lindsay." Lindsay mwenyewe alisisitiza jina lake liwekwe. Mimi nilitaka liwe langu, nikijua Kel atalipokea vizuri zaidi. Akasema, "Hapana, ajue ni mimi ninayemwomba."

Thelma amesema hajaona Brolga lenye karavani ya namna hiyo, kwa hiyo hamjafika. Ameahidi kumpa.

Roho yangu haijatulia. Ukiifungua barua hii, nipigie hata kama ni usiku wa manane.

Bev


Bundalla
15 Aprili 1991

Bev,

Nakuandikia nikiwa nimekaa kwenye kiti nje ya karavani, kalamu inakimbia na upepo unataka kuninyang'anya karatasi.

Nullarbor ni ile ile, hakuna mti, hakuna kona, Kel ananyanyua kidole kimoja kwenye usukani kumsalimu kila anayekuja mbele, na wao wananyanyua chao. Mpakani wale jamaa wa ukaguzi wametunyang'anya kila kitu: viazi vyako, vitunguu, machungwa, na asali yako yote, Bev, mitungi sita! Eti wadudu. Nilikula machungwa matatu mbele yao kwa hasira. Kabati lote la mbele limebaki tupu, hata sauti inarudi ukilifungua.

Nikuambie kitu, lakini usianze kulia. Tangu jana karavani imekuwa na tabia mbaya. Yale malori ya matrela matatu yakitupita, inatikisika nyuma yetu, kushoto, kulia, kushoto, halafu inatulia. Mara ya kwanza nilipiga kelele. Kel akasema ni upepo. Mara ya pili niliona vidole vyake vimekuwa vyeupe kwenye usukani. Nilimwambia, "Haikuwa hivi kabla ya Ceduna." Akaniambia ninywe chai.

Hapa kituoni wamejipanga wenye karavani wengi, na amini usiamini, bwana wa Ballarat ametutangulia. Wote na dizeli zao. Wamekaa mstari mmoja na viti vyao kama wanangoja sinema, na sinema yenyewe ni sisi. Tulipoingia, yule wa Ballarat aliinua kofia: "Ah, leo limesimama wima! Hongera, baba!" Kel alitabasamu. Sijamwona akitabasamu hivyo kwa mtu mwenye gari la nje maishani mwangu.

Halafu akaenda kulipia mafuta akakaa sana ndani. Amerudi na stempu mkononi. Amezunguka karavani, ameweka mkono kwenye mlango wa nyuma, akawatazama wale waliokaa, akauondoa mkono. Nilimwuliza kuna nini. Akasema hakuna. Sasa amekaa upande wa pili wa gari na yeye anaandika barua, na unajua Kel haandiki hata kadi ya Krismasi. Nilipomkaribia alifunika karatasi kwa mkono kama mwanafunzi. Labda ananipangia zawadi ya siri na Joanne.

Asubuhi tunashuka. Kesho kutwa nitakuwa bibi, Mungu akipenda.

Noreen


Bundalla
15 Aprili

Lindsay,

Ujumbe wako umefika. Thelma kanipa mkononi. Nimecheka mbele yake, nikamwambia shemeji yangu ana woga wa kike, nikanunua stempu.

Uko sawa. Inaniuma kuiandika, kwa hiyo isome mara moja tu uitupe. Nilijua tangu siku ya kwanza baada ya Ceduna. Usukani ulikuwa mwepesi, na nimeshika usukani muda mrefu wa kutosha kujua wepesi huo maana yake nini. Nikajidanganya kuwa ni upepo. Kisha wakatunyang'anya vya mbele pale mpakani ikazidi.

Nimetoka kusimama sasa hivi mkono ukiwa kwenye mlango wa nyuma. Lakini wapo hapa sita, saba, na madude yao ya Ujapani, wanakunywa bia wakinitazama. Nikifungua na kuanza kubeba madumu kurudisha mbele, watajua, na Brolga litachuchumaa tena pale pale machoni pao. Siwezi, Lindsay. Wewe unaweza kuelewa kuliko mtu yeyote. Tulikusimamisha nje ya uzio na watu wote wakakutazama ukitembea kutoka kule. Nilikuwa nimesimama getini siku ile. Nilitazama.

Chini ya mteremko kuna mahali pa kupumzika penye miti michache. Hakuna mtu pale asubuhi. Nitashuka polepole, nisimame hapo, nimtume Noreen akachemshe chai, nami nirudishe kila kitu mbele. Ni mwendo mfupi tu. Usimwambie Noreen, usimwambie Bev.

Nikirudi njoo tunywe bia. Njoo na hilo bati lako. Liegeshe ndani, mlangoni kabisa, nitalisogeza la kwangu.

Kel


Hospitali, Kalgoorlie
2 Mei 1991

Bev,

Daktari amesema naweza kushika kalamu. Mkono wa kulia ni mzima, vingine wanavirekebisha kimoja kimoja. Simu iko koridoni na siwezi kufika. Joanne anasema ulikuja ukakaa hapa kitandani siku mbili, ukaondoka kwenda kumzika Kel kwa niaba yangu. Sikumbuki. Nakumbuka harufu ya sabuni yako, au labda niliota.

Joanne ameniambia watu wa kiwandani walikuja wote na kwamba Lindsay alibeba jeneza. Sitaki kulisema hilo sasa.

Nataka nikuambie ilivyokuwa, mara moja, kisha tusilizungumze tena.

Tulianza kushuka baada ya chai. Kel alikuwa anaenda polepole mno, mpaka nyuma yetu wakaanza kupiga honi. Wale wale. Alitazama kwenye kioo, akaongeza mwendo kidogo. Kidogo tu, Bev. Chini ya mteremko lori refu likawa linapanda. Lilipotupita upepo wake ulitupiga, na karavani ikaanza. Kushoto, kulia. Kel hakukanyaga breki, aliushika usukani kwa mikono yote miwili na alikuwa anaongea na mimi kwa sauti ya chini kabisa, kama mtu anayembembeleza farasi. Alisema, "Tumebakiza kidogo, Norrie. Kidogo tu. Pale pale penye miti." Sikuelewa. Norseman ilikuwa bado mbali sana. Nafikiri alikuwa ameshachanganyikiwa, maskini. Nimeyarudia maneno hayo kila siku nikiwa nimelala hapa nikitazama dari, na sielewi miti gani.

Halafu gari likageuka likatazama tulikotoka.

Wa kwanza kufika alikuwa yule wa Ballarat. Alinishikia kichwa mpaka walipokuja, akilia kama mtoto. Alisema, "Nilipiga honi, mama. Mimi ndiye niliyepiga honi."

Sasa. Joanne ameniletea barua yako ya tarehe kumi na tatu. Nimeisoma. Ulipiga simu Bundalla. Uliacha ujumbe. Lindsay aliweka jina lake. Bev, hatukuupata! Yule mwanamke alituuzia pai, alituuzia mafuta, alimwuzia Kel stempu, alinisifia nywele zangu, na hakufungua mdomo kusema kuna ujumbe. Mume wangu amekufa kwa sababu mwanamke mmoja alisahau.

Kitu kimoja tu kinanipa usingizi. Kel hakujua. Niliishi naye tangu nikiwa na miaka kumi na tisa, na kwa kiburi chake chote, asingenipandisha kwenye gari lile akijua. Nikiwaza hivyo, usiku unapita. Kama angejua, Bev, sijui ningemfanya nini mtu huyo ninayemlilia.

Nimemwomba Joanne anitafutie jina kamili la Thelma na la mwenye kituo. Nitamwandikia mwenye kituo, nitaliandikia gazeti la Kalgoorlie, nitamwambia askari anayekuja kuandika maelezo. Nataka afukuzwe. Nataka kila anayepita barabara ile ajue jina lake.

Mtoto bado. Anasubiri bibi yake aweze kumpakata.

Noreen


Elizabeth
8 Mei 1991

Kwako Bi. Thelma, Bundalla

Mimi ni Lindsay, yule ambaye jina lake lilikuwa kwenye ujumbe ulioupokea kwa simu mwezi uliopita, kwa ajili ya bwana mwenye Brolga.

Kwanza nakuambia kwamba najua ulimpa. Najua ulimpa mkononi na alicheka. Alinieleza mwenyewe kwa barua aliyoitia kwenye sanduku la posta la kituo chako, ikanifikia baada ya yeye kufariki. Mke wangu ameisoma. Hakuna mwingine aliyeisoma wala atakayeisoma.

Mjane wake anaamini ulisahau. Najua ni vibaya mtu kubeba lawama isiyo yake, na sikuombi uibebe. Mke wangu anamwandikia dada yake kesho na baada ya hapo jina lako halitaguswa, nakuahidi. Ninachokuomba ni kimoja: akikuandikia yeye au binti yake, usijibu. Askari akikuuliza, mwambie ukweli, sikuzuii, lakini usiende wewe kumtafuta askari. Yule mama ana kitu kimoja cha kumlaza usingizi na tumeamua kumwachia.

Ukiniona mjinga, uko sawa. Mimi ndiye niliyemcheka kuhusu ule mkia.

Wako,
Lindsay


Elizabeth
9 Mei 1991

Dada yangu Noreen,

Nimeianza barua hii mara nyingi. Isome mpaka mwisho kabla hujaichana.

Mwache Thelma. Usimwandikie mwenye kituo, wala gazeti, wala usimtajie askari jina lake. Hakusahau kitu. Hakupata ujumbe wowote.

Siku ile nilipopiga simu nilikuwa na haraka. Nilisoma mstari usio sahihi kwenye kitabu cha simu. Nilipiga kituo kingine, kile mlichokuwa mmeshakipita. Huyo mwanamke niliyeongea naye wala si Thelma wa Bundalla. Labda naye anaitwa Thelma, au nililisikia jina vibaya, sijui, kichwa changu hakikuwa changu. Niligundua bili ya simu ilipofika. Namba imeandikwa pale, si ya Bundalla.

Nilijua nilipokuwa nimekaa kitandani kwako. Nilishindwa kusema.

Kwa hiyo uko sawa, Kel hakujua. Hakukuwa na mtu wa kumwambia. Alishuka mteremko ule akiwa anakupeleka kwa mwanao, na moyo wake ulikuwa safi. Hilo ni lako, hakuna atakayelichukua. Kosa ni langu, Noreen. Ukitaka kumchukia mtu, nipo.

Lindsay hajui kitu, usimlaumu kwa hili.

Nakupenda. Nilikupenda tangu unanisuka nywele kabla ya shule kwa nguvu mpaka macho yananivutika.

Mdogo wako,
Bev


Norseman
24 Mei 1991

Bev,

Nimeisoma mpaka mwisho kama ulivyoomba. Kisha nimeisoma tena.

Niliuliza moyo wangu kama unaweza kukusamehe. Hauwezi. Labda ungekuwa mgeni, mwanamke wa kaunta nisiyemjua, ningeweza kumsamehe siku moja nikiwa mzee sana. Wewe ulikuwa na siku nzima. Ulikuwa na kitabu cha simu na miwani. Ulijua kuna mteremko. Kisha ukaja ukakaa kitandani kwangu, ukanishika mkono ukijua, ukaondoka.

Mtoto amezaliwa tarehe kumi na saba. Ni wa kiume, wamemwita Kelvin. Nimemwambia Joanne asikutumie picha. Usije na usipige simu. Ukiandika nitarudisha bahasha bila kuifungua.

Mwambie Lindsay jambo moja kutoka kwangu. Mwambie Kel amekufa akiwa hajamsamehe, si kwa lile gari wala kwa yale maneno aliyomwambia mbele ya watu. Sisi watu wa nyumba ile tulikuwa na mtu mmoja tu aliyestahili kuliegesha gari lake mlangoni, naye hayupo. Lindsay asimamishe la kwake nje ya uzio wa makaburi alikolala mume wangu. Nataka alijue hilo kila anapoliwasha.

Noreen